Honorable Aliyekwisha Kuliwa Matanga

Tarehe 3, mwezi wa kumi

Mvua ya kwanza ya nguvu. Tumeanza kupanda mupunga, mimi na Aurélie, muke wa mujukuu wangu. Aurélie anapanda kama mutu anayeogopa kuchafua kucha. Nilimuambia hivyo mbele ya watu. Akacheka, akazitia kucha zote ndani ya udongo. Ni muke muzuri.

Mama Benita aliyetufundisha herufi pale parokia anasema mukono ukiacha kuandika unasahau. Basi ninaandika. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi nilizijua nikiwa na mvi tayari. Mwenye kuona kosa aliruke.

Tarehe 6

Mvua. Kupanda.

Tarehe 9

Marcellin amepiga simu toka Kindu. Huyo ndiye mujukuu wangu, bwana ya Aurélie. Watu wa hapa Kasongo wanamuita Honorable, kwa sababu ni deputé wa jimbo, anakaa kwenye baraza kule Kindu na kusema kwa ajili yetu. Mimi ninamuita Marcellin. Mama yake, mutoto wangu, alikufa Kabambare wakati wa kumuzaa. Ni mimi niliyemupokea kwa mikono hii, nikamufunga mugongoni, nikaja naye huku kwa miguu. Maziwa ya mbuzi yalimukuza, na kelele zangu.

Anasema amepata mabati ya shule ya Wamaza, ile aliyofundisha kabla ya kuingia siasa. Mabati hayo anayaahidi tangu kampeni ya kwanza, na sasa iko mandat ya pili, muhula wa pili wa kiti. Atayaleta mwenyewe toka Kibombo kwa baleinière, ile mitumbwi mikubwa ya mbao yenye injini.

"Nkambo, safari hii ni kweli," akasema. Nkambo ndiyo mimi, bibi yake.

Nikamuuliza safari zile zingine zilikuwa nini. Alicheka mpaka rezo ya simu ikakatika.

Tarehe 14

Ukungu ulikaa shambani mpaka karibu saa ya kula. Nikasikia mutu anakohoa katikati ya mupunga. Nikaita. Nikaenda. Hakuna mutu, na udongo hauna nyayo.

Tarehe 17

Baleinière imepinduka.

Wamekuja kusema asubuhi. Ilikuwa chini kidogo ya Nyangwe, upepo ukaja pamoja na mvua, mabati yakateleza upande mumoja, na mutumbwi ukafuata mabati. Waliojua kuogelea wengine wametoka. Wengine wamepatikana kwenye matete. Kati yao ni Joël, mutoto wa jirani yangu Clémentine, kijana aliyekuwa anamubebea Marcellin mizigo. Walimuleta amefunikwa na majani ya ndizi. Clémentine hakulia. Alikuwa anamufuta matope masikioni, tena na tena, kama mutu anayemuandaa mutoto kwenda misa.

Marcellin hajaonekana. Wavuvi wanazama kumutafuta. Aurélie amekaa na simu mukononi, anapiga, anapiga, na ile sauti ya mwanamuke inamujibu kwamba muteja hapatikani.

Tarehe 18

Hajaonekana.

Tarehe 21

Hajaonekana. Leo amefika Serge toka Kindu. Huyo ndiye suppléant wake. Kwenye karatasi ya kura jina lake lilikuwa chini ya jina la Marcellin, kwa herufi ndogo. Deputé akifa, yeye anakaa kwenye kiti. Alipiga magoti mbele yangu, akalia machozi ya kweli. Nilimuangalia viatu. Vilikuwa vipya. Nimejilaumu kwa kuangalia viatu vya mutu anayelia.

Tarehe 28

Leo tumemuzika.

Shemeji yangu, muzee Michel, ndiye mukubwa wa ukoo. Alituita wote akasema muto umekwisha kula na hautarudisha. Nyumba ya mutu aliyeliwa na muto haiwezi kukaa wazi, maana roho yake itaendelea kutafuta mulango. Basi ifanywe kama ilivyofanywa siku zote: ukatwe mugomba wa urefu wake, uvalishwe nguo zake, uzikwe, na matanga yaliwe yaishe. Na anayeulaza ndani ya shimo ni yule aliyemuinua kutoka chini siku ya kuzaliwa. Maana yake mimi.

Niliukata mwenyewe, juu ya kisiki, kwa panga. Ulikuwa muzito kuliko nilivyofikiri. Maji yake yalinimwagikia kifuani, maji ya baridi, yenye harufu ya chumba cha mugonjwa. Tuliuvalisha ile suti ya buluu aliyoapa nayo barazani. Sarah-Grâce, binti yao mudogo, aliuliza sababu gani baba hana kichwa. Nikatoa kitambaa changu nikakifunga juu, ili baba yake awe na kitu cha juu.

Serge alisoma maisha yake. Alizaliwa Kabambare. Alifundisha Wamaza. Kwenye kampeni alitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, mpaka akajua nani anaumwa goti na mbuzi wa nani amezaa. Alichaguliwa. Alimuuliza waziri wa barabara maswali mpaka waziri akatoka nje. Alitaka uongozi wa baraza, akashindwa. Alitaka mandat ya pili, akapata kwa shida. Serge hakusema kwamba Marcellin aliahidi vile watu wengine wanavyopumua. Lakini wote walijua, na nafikiri walimupenda pamoja na hiyo.

Tulichimba pembeni ya shamba la mupunga. Nilipoulaza chini, mukono wa koti ulinishika kidole. Ni kifungo tu kilichonaswa. Ninaandika kwamba ni kifungo.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na moja

Aurélie amenyolewa. Mupunga umetoka vizuri.

Radio ya Kindu imesema baraza limetangaza kiti iko wazi, na Serge ameapishwa. Wakamupa neno. Akaanza kwa mzaha ule ule ambao Marcellin aliutumia kuanza kila hotuba, ule wa pikipiki iliyokwama kwenye matope ikamuomba dereva aibebe. Hata pale pa kupumzika alipumzika pale pale. Sarah-Grâce akainua kichwa toka kwenye sahani. "Baba," akasema. Nikazima radio.

Tarehe 10

Kaburi limeota.

Mimi ni mulimaji. Mugomba uliokatwa juu ya kisiki hauoti, unaoza. Lakini pale kifuani, jani moja limesimama, la kijani, limejikunja kama karatasi. Nikalivuta. Likatoka bila nguvu. Halikuwa na muzizi. Chini lilikuwa laini, la mviringo, kama ncha ya kidole.

Tarehe 12

Limesimama tena. Muzee Michel anasema nisiliguse. Mara ya kwanza maishani mwangu nimemutii.

Tarehe 19

Leo nitaandika polepole.

Tulikuwa tunapalilia, kila mwanamuke shambani mwake, tukiongea kwa kupaza sauti kama kawaida. Mvua ndogo. Upande wa njia ya Nyangwe sauti moja ikakatika. Halafu ya jirani yake. Ikaja hivyo, shamba kwa shamba, kunielekea mimi, kama mutu anayepita na kuzima taa. Nikainua kichwa. Mwanaume anatembea kwenye njia, mwembamba, amevaa kaptula ya muvuvi. Na anafanya kitu nilichokijua: anasimama kwenye kila shamba, anataja jina la mwenyewe, anauliza goti lake, mutoto wake, mbuzi wake, ananyoosha mukono. Hakuna aliyeupokea. Kwa Clémentine alisimama muda murefu, akasema kitu cha chini chini. Clémentine alimugeuzia mugongo akaendelea kupalilia pale palipokwisha kupaliliwa, mpaka akawa anang'oa mupunga wenyewe.

Alipofika kwangu, mimi pia sikumupa mukono. Ninaandika ukweli. Nilishika jembe mbele ya kifua.

"Nkambo, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Marcellin."

"Marcellin nilimulaza pale," nikamuonyesha kwa jembe.

Akageuka, akaangalia kaburi. Akaangalia lile jani. Mvua ilikuwa inamutiririka usoni na hakuifuta. Mwishoni akasema, "Pale panatuama maji, Nkambo. Mungenitafutia pa juu kidogo."

Akanieleza. Alishika ubao, muto ukamushusha usiku kucha. Wavuvi wa kambi moja ya visiwani wakamutoa. Homa ikamuchukua akili. Kule hakuna rezo, hakuna pikipiki, na jina lake mwenyewe hakulikumbuka mpaka juzi juzi. Alipoweza kusimama akaanza kutembea. Nilisikiliza yote nikiwa bado na jembe. Mutu anaweza kuambiwa hadithi na kitu chochote.

Nikamuuliza kama amekula. Akajibu kwamba amekwisha kula njiani, nisijisumbue. Na hapo hapo tumbo lake likanguruma kama mbwa chini ya kitanda.

Jembe likaniponyoka. Uongo ule ninaujua. Ameusema tangu akiwa na meno ya kwanza, kila siku sufuria ilipokuwa ndogo. Mufu hana sababu ya kudanganya kwamba ameshiba. Nikamushika. Iko baridi, iko ananuka matope ya muto, lakini shingoni mushipa unapiga. Niliweka kidole pale na sikukiondoa mpaka mvua ikapita.

Tarehe 20

Hawamutaki.

Muzee Michel alisimama mulangoni mwa nyumba ya Aurélie na fimbo yake. Hakumutukana. Aliniambia mimi, si yeye, kwamba aliyekwisha kuliwa matanga haingii tena kwa mulango ule. Tulimulia, tukamuzika, tukanyoa, tukala, tukaosha vyungu. Kama huyu ndiye, basi aliyelala pale ni nani? Na kama aliyelala pale ndiye, huyu ni nani?

Nikamuambia aliyelala pale ni ndizi. Akanijibu, "Ndizi inaota bila kisiki, shemeji?"

Aurélie alikuwa ndani, nikamusikia anapumua nyuma ya ubao wa mulango. Marcellin pia alimusikia. Akamuita jina mara moja. Pumzi ikasogea mbali.

Analala kwenye kibanda changu cha kufukuzia ndege, shambani. Nimemupelekea bukari ya muhogo na sombe, majani yake. Alikula yote.

Tarehe 24

Amepanda pikipiki kwenda Kindu kudai kiti chake. Dereva alikubali kwa sababu ni mutu wa mbali, hajui.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 7

Amerudi. Njia yote mvua.

Kule walimuangalia vizuri, anasema, walimupa hata kiti. Lakini baraza limekwisha kuketi, limekwisha kusema fulani amefariki, na suppléant amekwisha kuapa. Hakuna anayejua mulango wa kurudia nyuma. Aende tribunali, alete wale waliosema amekufa waje waseme hajafa. Waliosema ni wawili, muzee Michel na mimi. Mimi ningeenda kesho. Muzee Michel anasema atamutolea ushahidi mutu aliye hai siku atakapomuona mutu aliye hai.

Kitu kimoja alinieleza mwishoni, huku anakunja na kukunjua kidole. Alikaa juu, kwenye viti vya wageni, akawasikiliza. Wakaita majina. Likafika la Serge, Serge akajibu yuko. Na yeye, kule juu, mudomo wake ukasema yuko kwa wakati ule ule. Hakuna hata mumoja aliyegeuka.

Tarehe 11

Mvua.

Tarehe 13

Mupunga iko na maziwa sasa, ndege wamekuja kwa makundi. Nilimuacha Marcellin awafukuze upande wa chini, mimi nikakaa juu. Nilimusikia anapiga kelele, anapiga debe, ana sauti kubwa, ile ya mikutano. Nikaenda kuona. Yuko amesimama katikati ya shamba anarusha mikono. Ndege wamemuzunguka, wanakula. Mumoja alikuwa kwenye shina karibu na kiuno chake. Hakuruka.

Nilipokanyaga tu kijiti, wote wakaruka kwa pamoja, mpaka mbingu ikawa nyeusi.

Marcellin alishusha mikono. Tangu leo mimi ndiye ninafukuza pande zote mbili.

Tarehe 18

Serge amekuja na gari ya baraza, kuwasalimia wapigakura. Alifika mpaka shambani. Nilikuwa nimejiandaa kumutukana, maneno nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini alisimama mbele yetu wawili akaniangalia mimi peke yangu.

"Nkambo, umuambie kwamba mimi sikumuomba Mungu kiti hiki."

"Muambie mwenyewe, iko mbele yako."

"Umuambie, Nkambo. Kila nikisimama kusema, maneno yake ndiyo yanatoka. Yangu sijui yalipokwenda. Muke wangu ananiogopa."

Marcellin akasema kwa upole, "Serge, ule mzaha wa pikipiki unauharakisha. Watu uwangoje kidogo."

Serge akaondoka kinyumenyume mpaka barabarani. Viatu vyake viliharibika kwenye matope. Leo nilimuhurumia.

Tarehe 24

Sarah-Grâce ana homa. Ni malaria, kwenye kituo cha afya wamemuchoma sindano, wamempa dawa. Lakini mitaani wanasema jana baba yake alimuita kutoka upande wa pili wa ua, na mutoto akaitika.

Mchana walikuja wanaume wa ukoo na muzee Michel mbele yao. Walikuwa na mapanga, wakasema wametoka kukata matete. Walisimama kwenye ukingo wa shamba langu. Neno lao lilikuwa moja: avuke muto, aende asikojulikana, kabla hajamuchukua mutoto. Clémentine alikuwa nyuma yao. Aliongea mara moja tu. Alisema, "Arudi pale alipomuacha wa kwangu."

Nikasimama kati yao na kibanda. Niliwauliza nani aliyemulaza ndani ya shimo. Wakasema wewe. Nani aliyemuinua siku ile Kabambare? Wewe. "Basi mimi ndiye nitamuzaa tena," nikasema. "Mukitaka kupita, mupite juu yangu, na mimi ni munene."

Muzee Michel alishusha fimbo yake. Alisema babu yake aliwahi kuona jambo hilo, mutu aliyerudi kutoka vitani akiwa amekwisha kuzikwa. Anazaliwa upya, uchi, mbele ya watu, na lazima alie. Asipolia, hakuzaliwa. Na jina la zamani halimurudii, jina limezikwa pamoja na nguo.

Wakatupa mpaka mwaka mupya upite.

Tarehe 25

Noeli. Marcellin amekataa.

Anasema jina ndilo kitu pekee alicho nacho. Limeandikwa kwenye kuta toka hapa mpaka Kabambare, kwenye tisheti watu wanazolimia, kwenye kalenda. Akiliacha, kesi ya tribunali inakufa, kiti kinabaki kwa Serge, na kazi yote ya maisha inakuwa ya mutu wa ndani ya shimo. Nikamuambia jina hilo linamulisha Serge kule Kindu. Hapa limekulisha nini? Tulinuniana siku nzima. Jioni alinirudishia sahani, ameiosha.

Tarehe 30

Lile jani la kaburini sasa limenifikia kiunoni. Halina la pili.

Mwezi wa kwanza, tarehe 3

Sarah-Grâce amepona. Leo alipita kwenye njia ya shamba pamoja na Aurélie, wanaenda kisimani. Marcellin alikuwa amekaa mulangoni mwa kibanda. Alijitahidi kutazama chini. Mutoto akasimama mbele yake. Hakulia, hakukimbia. Aliongea kwa adabu, kama wanavyoongea na wageni.

"Mama anasema usinitazame, kwa sababu wewe haujui kama umekufa."

Aurélie akamuvuta mukono wakaenda. Ndoo iliyokuwa kichwani mwake ilitikisika njia nzima, na ilikuwa bado tupu.

Marcellin alikuja nilipokuwa ninapika. Alikaa chini kwenye udongo, mutu mwenye mvi pembeni za kichwa, akaweka paji la uso juu ya goti langu.

"Nkambo, unizae."

Tarehe 6

Nimemuzaa.

Ilikuwa asubuhi, mvua imesimama, uwanja wa nyuma ya nyumba. Wanawake walishika vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, kuzunguka pande zote. Wanaume walikaa nje ya vikwembe wakiwa wamegeuka. Nilikaa juu ya mukeka na magoti juu, mimi kikongwe, na Marcellin akalala chini ya magoti yangu, ndani ya kikwembe changu, uchi, amejikunja. Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Ilinijia Kabambare, mutoto wangu ananishika mukono, nywele zake zimelowa. Nikapiga kelele, na haikuwa ya mchezo. Nikasukuma. Marcellin akatoka kati ya miguu yangu juu ya udongo, amepakwa mafuta ya ngazi, mawese, mwili mzima, mwekundu.

Wanawake wakangoja kilio.

Hakulia. Alikaa kitako. Akawaangalia wote kwa zamu, na nikaona uso wake unajipanga, ule uso wa jukwaani. Akakohoa kidogo.

"Wandugu wapenzi," akasema, "mama zangu, siku ya leo..."

Mwanamuke mumoja akaachia ncha ya kikwembe. Wengine wakarudi nyuma. Nje nikasikia muzee Michel anasimama, na wanaume wanasimama pamoja naye. Marcellin aliendelea. Mudomo ulisema mabati, ukasema barabara, ukasema mukiniamini tena, lakini macho yake yalikuwa yananitazama mimi, yamefunguka sana, kama ya mutu anayeburutwa. Nikaelewa. Hakuwa yeye anayeongea. Ilikuwa kazi yake inayoongea.

Mutoto asiyelia anapigwa. Nilimugeuza, nikampiga mugongoni kwa mukono wazi, kwa nguvu zote nilizobakiza duniani. Hotuba ikakatika. Nikampiga tena. Kwanza ikatoka sauti kama maji yanatoka kwenye chupa. Halafu akalia. Hakulia kama mwanaume. Alilia vile walivyolia kwenye baleinière, nafikiri, na kati ya kulia akawa anasema, "Kijana alinishika shati, Nkambo, alinishika shati na mimi nikamuachia."

Clémentine alikuwa kati ya walioshika vikwembe. Alitoa upande wake kwa jirani, akaja na beseni la maji ya vuguvugu. Alipiga magoti. Akaanza kumuosha masikio.

Kutoka nje muzee Michel aliuliza kama ilivyo desturi, "Mumepata nini?"

"Mwanaume," nikasema.

"Anaitwa nani?"

Nilikuwa na jina tayari, la baba yangu. Nilifungua mudomo. Clémentine akanitangulia, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Joël," akasema.

Jina la mutoto wake aliyekufa majini. Kisha wanawake wakapiga vigelegele.

Tarehe 9

Mutoto iko ndani, hatoki mpaka siku zake zitimie. Anakula uji. Aurélie alikuja kuuliza kwa sauti ndogo, je, bwana yake sasa ni mutoto? Nikamuambia angoje aote meno. Amecheka. Sikuwa nimemusikia anacheka tangu kupanda.

Tarehe 14

Ametoka. Watu wanamusalimia. Wanamuita Joël bila kujikwaa ulimi, kama wamemujua hivyo siku zote. Sarah-Grâce anamuita baba Joël. Pale kaburini hakuna kitu, majani tu ya kawaida.

Tarehe 16

Tumeanza kuvuna. Anabeba miganda yetu, halafu anaenda kubeba ya Clémentine. Alipiga kelele kwa ndege, wakaruka.

Tarehe 17

Kuvuna.

Tarehe 25

Leo Serge amekuja kutoa ripoti ya kazi kwa wapigakura, uwanjani, na kipaza sauti. Tulienda wote. Joël alikaa kwenye benchi kati yangu na Clémentine, na kofia ya majani. Serge alimuona, akaangalia pembeni haraka. Amekonda.

Kabla ya yote, akasema, tusimame kwa dakika moja ya kunyamaza, kumukumbuka Honorable Marcellin aliyetangulia.

Uwanja mzima ukasimama. Joël pia akasimama. Akavua kofia, akaikamata mbele, akainamisha kichwa vizuri, hilo alilijua siku zote. Mimi sikusimama. Asubuhi ile nilimutwangia mupunga mupya na alikula sahani mbili. Siwezi kusimama kwa ajili ya mutu ambaye sahani yake nitaenda kuiosha.

Upepo ulipita kwenye kipaza sauti. Hakuna mutoto aliyelia, hakuna kuku. Mutu angeangalia wote wale waliosimama, asingejua ni nani anayekumbukwa.

Serge akafungua macho, akasema asanteni, tukae. Wakakaa.

Joël hakukaa.

Alibaki amesimama peke yake kati ya watu wote wale, na kichwa chake kikaanza kuinuka, na kifua kikajaa kama cha mutu aliyepewa neno. Serge kule mbele alishika meza kwa mikono miwili. Nikaona mudomo wa mujukuu wangu unafunguka. Nilitaka kumuita, na sikujua nimuite kwa jina gani.

Clémentine akamuvuta shati.

"Joël," akasema, "kaa chini, mwanangu. Unawazibia watu."

Akageuka akamuangalia. Akaomba radhi kwa waliokaa nyuma. Akakaa.